Viza ya mwaka mmoja si ruhusa ya kukaa mwaka mmoja

Mhariri,

Nimefundisha hesabu shule za msingi kwa miaka 34 na sasa nimestaafu, nakaa hapa Ngamiani, Tanga. Ninachoandika leo ni hesabu pia. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua kwa sababu naona wazazi wenzangu wanapewa pasipoti zenye viza ya Ulaya, wanafurahi, wanaagwa kwa dua na ubani, na hakuna aliyewasomea mstari mmoja mdogo ulioandikwa kwenye ile stika. Mimi mstari huo ulinikosesha kumpokea mjukuu wangu.

Binti yangu ni muuguzi Bremen, Ujerumani. Kabla ya mwaka 2024 nilikwisha kwenda kwake mara tatu, kila mara kwa viza ya kuingia mara moja na siku chache, na kila mara nilirudi kwa wakati. Nadhani ndiyo maana mara ya nne nikapewa ya kuingia mara nyingi. Ilianza 1 Februari 2024 na kuisha 31 Januari 2025. Penye idadi ya kuingia paliandikwa MULT. Chini yake, penye muda wa kukaa, paliandikwa 90.

Kijana wa wakala aliyenijazia fomu na kunikatia tiketi aliishika pasipoti kwa mikono miwili kama anayenikabidhi cheti. Akasema, "Hongera mwalimu, hii ni ya mwaka mzima. Ukimaliza miezi mitatu unatoka, ukirudi unaanza upya." Nikamshukuru, nikampa na ya soda. Mimi niliyewaambia watoto maisha yangu yote wasome swali hadi mwisho kabla ya kushika kalamu, sikuuliza 90 ile ni ya nini.

Nilishuka Ulaya 10 Februari 2024. Binti yangu alikuwa na mimba changa inayomsumbua, chakula hakikai tumboni, na mtoto wake wa kwanza ana miaka mitatu, hana wa kumshika. Nikapika uji, nikafua, nikampeleka mtoto chekechea kwenye baridi ambayo sitaki kuieleza. Ramadhani ilinikuta huko, Idi nikaila huko 10 Aprili, na siku kumi baadaye, tarehe 20, nikarudi nyumbani. Ukihesabu siku ya kushuka na siku ya kuondoka, maana zote mbili huhesabiwa, ni siku 71: Februari 20 (mwaka ule ulikuwa mrefu), Machi 31, Aprili 20.

Daktari alimwambia binti yangu atajifungua mwanzoni mwa Agosti. Basi nikapanga kurudi 1 Julai, nitulie, nimzoee tena mjukuu, nisubiri. Tiketi ya kurudi Tanga tuliikata ya 25 Septemba ili arobaini iishe nikiwepo. Kwenye begi nilitia khanga mpya doti mbili, mafuta ya nazi ya kumkandia mtoto, habasoda, tangawizi kavu, na pilipili manga ya uji wa mzazi niliyoitwanga mwenyewe.

Kwenye uwanja wa kwanza wa Ulaya, kabla hata sijapanda ndege ya kwenda Bremen, afisa wa mpakani alifungua pasipoti yangu, akaitazama viza, kisha akaanza kurudi nyuma kurasa moja moja. Alikuwa anatafuta mihuri. Msomaji mwenye pasipoti aitazame mihuri yake, maana inasema mengi: juu pana herufi ya nchi ndani ya duara la nyota, pembeni pana picha ndogo ya ndege, gari au meli, pana mshale unaoingia au unaotoka, na katikati tarehe. Wangu wa Februari mshale unaingia. Wa Aprili unatoka, wino wake umefifia, ikabidi auinamishe ukurasa kwenye taa. Akaandika tarehe hizo mbili kwenye kompyuta, akaigeuza skrini upande wangu. Namba mbili nikazielewa bila kuhitaji lugha: 71, na 19.

Siku 19 ndizo nilizokuwa nazo. Tiketi yangu ilikuwa ya siku 87.

Nikapelekwa kwenye chumba chenye viti vya chuma. Nikampigia binti yangu, nikawa nasema naye huku machozi yananitoka, na mama mmoja aliyekuwa anapiga deki pale akasimamisha kazi yake. Mkongomani. Alisikia Kiswahili. "Mama, usiogope," akaniambia, "batakuita tu." Akaniletea maji kwenye kikombe cha karatasi. Sikumuuliza jina. Nikamuombea na bado namuombea.

Nilikaa pale saa tatu na zaidi. Mkwe wangu akabadili tiketi, akalipa faini ya shirika la ndege, akatuma tiketi mpya ya 19 Julai, nikagongewa muhuri, nikapita. Yule afisa hakunikosea, na naliandika hili wazi kwa sababu tumezoea kusema wazungu wana roho mbaya. Angeweza kunirudisha palepale. Nilimwonyesha tiketi ya kukaa hadi Septemba na siku zangu zinaishia Julai. Alinipa zilizokuwa zangu zote.

Tulipofika Bremen tukaulizia kuongeza muda. Sheria yao inaruhusu kuongezewa kwa dharura isiyozuilika au sababu za kibinadamu, bila malipo, na kwa sababu nzito za mtu binafsi, kwa ada ya yuro 30. Tukajibiwa kwamba uzazi uliojulikana tarehe yake miezi kadhaa kabla si dharura. Nikaondoka 19 Julai. Mjukuu wangu wa kike alizaliwa 2 Agosti, alfajiri. Nilimwona kwenye simu, kafungwa kwenye khanga niliyoiacha, mimi niko kwenye mkeka wangu hapa Ngamiani. Binti yangu alijipikia uji wa pilipili manga mwenyewe, siku ya tatu baada ya kujifungua.

Sasa hesabu yenyewe.

Hesabu ya nchi za Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazohesabiwa eneo moja la kuingia na kutoka, Ujerumani ikiwemo, haianzi na viza. Inaanza na wewe, siku uliyopo. Simama siku hiyo, hesabu siku 180 kurudi nyuma, hiyo ya leo ikiwemo. Ndani ya siku hizo 180, siku ulizokuwa ndani ya eneo lao zisizidi 90. Kesho simama tena, hesabu upya 180 kurudi nyuma. Kila siku unayokaa inapimwa hivyo. Kwa hiyo kutoka na kuingia tena hakukufutii kitu. Siku zako za zamani hazifutwi na ndege bali na kalenda, moja moja, kila zinapozidi umri wa siku 180.

Hapa ndipo niliposhika kichwa. Nilipotulia nilichukua daftari la miraba, la hesabu, nikakata vipande sita vya miraba 30, nikavigandisha kwa uji wa ngano vikawa ukanda mmoja wa miraba 180. Nikafanya ukanda mwingine mrefu wa mwaka mzima wa 2024, mraba mmoja siku moja, nikazipaka penseli nyekundu siku zangu 71 za Ulaya. Kisha nikauweka ukanda mfupi chini ya ule mrefu, mwisho wake wa kulia ukiwa siku ninayoiuliza, nikahesabu miraba myekundu iliyo juu yake. Nikausogeza siku moja mbele, nikahesabu tena.

Nikiingia 1 Julai, kama nilivyofanya, miraba yote 71 bado imo ndani, nabakiwa na 19, naishia 19 Julai. Hilo nililijua tayari kwa uchungu. Lakini nikasogeza ukanda niulize: je, ningechelewa kidogo? Nikajaribu 20 Julai. Siku 19 zile zile zingenifikisha 7 Agosti. Na tarehe 8 Agosti ndiyo siku ile 10 Februari inapotoka nje ya ukanda. Kuanzia hapo, kila siku mpya ninayoongeza mbele, siku moja ya zamani inaanguka nyuma. Tarehe 9 inaanguka 11 Februari, tarehe 10 inaanguka 12 Februari, na hivyo hivyo hadi zote 71 ziishe. Jumla haizidi 90 hata siku moja. Ningekaa hadi 17 Oktoba. Siku 90 kamili, kihalali, kwa viza ileile, stika ileile, bila kuomba chochote kwa mtu.

Mhariri, siku 19 tu za subira. Kama ningeingia 20 Julai badala ya 1 Julai ningempokea mtoto, ningemkanda, arobaini ingeisha nikiwa ndani ya nyumba ile, na bado ningebakiwa na zaidi ya mwezi. Nimeirudia hesabu hii zaidi ya mara ishirini nikitumaini nimekosea mahali. Sijakosea.

Nimejiuliza kwa nini kijana wa wakala aliniambia vile, maana si mwongo, namfahamu kwao. Nilipomrudia akaniambia wateja wake wengi ni wafanyabiashara wa Guangzhou, na huko ndiyo desturi: viza ya China ya kuingia mara nyingi huandikwa muda wa kila ukaaji, kwa mfano siku 30, na kila aingiapo mtu siku hizo 30 zinaanza upya. Alichukua sheria ya China akaipeleka Ujerumani. Na wazee waliosafiri zamani nao wana lao: watakuambia ni miezi mitatu katika kila miezi sita kuanzia siku ya kwanza kuingia, ikipita miezi sita unaanza ukurasa mpya. Hawa nao hawasemi uongo, ndivyo ilivyokuwa hadi 18 Oktoba 2013 hesabu ilipobadilishwa ikawa hii ya kurudi nyuma. Ushauri mwingi tunaopeana barazani ni wa kweli, ila ni wa nchi nyingine au wa mwaka mwingine.

Kila nchi ina kipimo chake, na niseme machache niliyojiridhisha nayo. Uingereza hutoa viza ya mgeni ya miezi sita, miaka miwili, mitano, hata kumi, lakini hata ile ya miaka kumi kwa kawaida hukupa ukaaji usiozidi miezi sita kwa kila safari, na ukirudi-rudi hadi ionekane umehamia, watakuuliza. Marekani ndiyo inayowachanganya wengi zaidi. Stika ya Marekani ni ruhusa ya kwenda kubisha hodi tu. Unaweza kuingia hata siku yake ya mwisho. Muda wa kukaa huupati kwenye stika, hutolewa na afisa mlangoni, na huwekwa kwenye kumbukumbu yao iitwayo I-94, ambayo kwa wanaoingia kwa ndege iko kwenye mtandao tangu mwaka 2013 na kila msafiri anaweza kuifungua kwa namba ya pasipoti yake. Anayezidisha zaidi ya siku 180 kisha akatoka anafungiwa miaka mitatu. Anayezidisha mwaka au zaidi, kumi. Schengen ni kinyume na Marekani katika hili: tarehe ya mwisho kwenye stika ni tarehe ya kuwa umeshatoka, si ya kuingia.

Nasi tunayo pia, tusione ni ya wageni. Mmarekani anayekuja hapa kwetu hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi ya miezi 12, na hata yeye haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 kwa safari moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kuwahesabia wageni siku ni jambo tulilokuwa nalo kabla ya pasipoti.

Kuna ushauri mwingine unaozunguka ambao nataka niukatae kwa nguvu, kwa sababu mama mmoja jirani yangu karibu aufuate. Anaambiwa siku zikikaribia kuisha avuke aende Uswisi, arudi, kwa kuwa Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya. Haimo, lakini Schengen imo, na Norwe imo, na Aisilandi imo. Nchi ni 29 na siku zote zinaingia kwenye kapu moja. Kroatia iliingia Januari 2023. Bulgaria na Romania zilianza na viwanja vya ndege na bandari 31 Machi 2024, zikamalizia na mipaka ya nchi kavu 1 Januari 2025. Ayalandi na Saiprasi hazimo, na Uingereza haimo. Ukienda London siku kumi, siku hizo kumi hazihesabiwi Schengen, lakini na zile za nyuma hazifutwi na safari hiyo. Unakuwa umesimama tu. (Schengen lenyewe ni jina la kijiji cha Luxembourg, kando ya mto Moselle, walikotia saini mkataba wao 14 Juni 1985. Kijiji kidogo, na jina lake linasumbua watu hadi Ngamiani.)

Nimelazimika kuandika sasa na si baadaye kwa sababu zamani mtu aliyezidisha siku mbili tatu huenda alipita, muhuri umefifia, afisa amechoka, foleni ndefu. Kuanzia 12 Oktoba 2025 walianza mfumo wa kompyuta wa kuandikisha kuingia na kutoka, wenye picha ya uso, na ulipangwa kuenea mipaka yao yote ifikapo 10 Aprili 2026. Kompyuta inahesabu yenyewe. Aliyezidisha hata siku moja anaonekana, na anayejaribu kuomba viza tena anakuta jina lake linasubiri. Hili ni zito kwa wazazi kwa sababu wao ndio wenye kupanda ngazi: aliyepata viza tatu na kuzitumia vizuri ndani ya miaka miwili hustahili ya mwaka mmoja, akiitumia vizuri ya mwaka mmoja hustahili ya miaka miwili, kisha ya miaka mitano. Ngazi hiyo ameipanda kwa miaka, na ada ya kila ombi sasa ni yuro 90, tangu 11 Juni 2024. Kosa moja la kuhesabu linamteremsha hadi chini.

Ombi langu ni dogo. Wewe mhariri, chapisha maelezo ya kuisoma stika ya viza kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, pamoja na picha yake, mtu ayakate ayatie ndani ya pasipoti. Balozi zinazotoa viza Dar es Salaam na Nairobi, zinaporudisha pasipoti ziweke humo karatasi moja ya Kiswahili. Tunajaza fomu kwa Kiingereza kwa msaada wa watoto, lakini anayesimama mbele ya afisa ni mama peke yake. Na nyinyi mawakala wa safari, wanangu, mnapomkabidhi mtu mzima tiketi, andikeni juu yake kwa kalamu: siku ya mwisho ya kuwa umetoka kwa safari hii ni tarehe fulani. Si mwisho wa viza, mwisho wa safari hii. Kama hamuijui tarehe hiyo, msikate tiketi hadi muijue.

Ukanda wangu wa miraba ninao bado, nimeubandika juu ya kadibodi usichanike. Nimeshawahesabia watu tisa. Wawili kati yao tiketi zao zilikuwa zimezidi, mmoja kwa siku 4, mwingine kwa siku 26, na wote wawili wakazibadilisha mapema. Anayetaka kuhesabiwa aje barazani kwangu baada ya alasiri, siku yoyote ila Ijumaa. Aje na pasipoti yenyewe, pamoja na ile ya zamani kama ndiyo yenye mihuri. Asije na picha ya simu, maana muhuri wa kutoka ndio hufifia mwanzo.

Mwalimu mstaafu wa hesabu,
Ngamiani, Tanga.